Jinsi ya kutafuta plastiki iliyojificha kwenye mchanga wa bichi, kwa chumvi tu

Ukienda Coco Beach pale Dar unaona chupa na vifuniko unasema uchafu ndo huo, kumbe huo afadhali maana unaokoteka. Kazi ipo kwa vile vipande vya chini ya milimita 5, plastiki iliyopigwa jua mpaka ikakauka, wimbi likaisagasaga. Samaki anadhani chakula, anajaza tumbo na hashibi.

Nenda maji yakiwa yametoka, tafuta ule mstari wa mwani mkavu na takataka, baada ya bamvua, zile siku maji yanajaa kuliko kawaida, ndo unapata mzigo wa kutosha. Kwangua mchanga wa juu tu, sentimita 2 hivi, kikopo kimoja. Beba kwenye kopo la bati, usibebe kwenye plastiki utajichanganya mwenyewe.

Nyumbani chemsha maji lita 1, tia chumvi robo tatu ya pakti ya nusu kilo, koroga mpaka igome kuyeyuka. Watu hapa wanabania chumvi halafu wanalalamika mbona hakuna kilichoelea, jamani chumvi ndo inafanya maji yawe mazito plastiki ipande, mchanga ubaki chini! Yakipoa yachuje kwa kitambaa cha pamba maana chumvi nayo ina taka zake, mimina mchanga, koroga dakika 2, acha nusu saa, kisha vya juu chota na chujio la chai la chuma.

Utaona vijiti, magamba, halafu vitu vyenye rangi, mi nilikuta nyuzi za bluu za kamba za wavuvi na kipande cha mfuko wa rambo kama ukucha, na mifuko ilishapigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Ukiwa na wasiwasi pasha sindano kwenye mshumaa uguse: plastiki inanywea au inavutika kama bablishi, kijiti hakivutiki. Fungua dirisha, ule moshi sio wa kuvuta.

Ila plastiki ya chupa za maji ni nzito, inazama hata kwenye chumvi, kwa hiyo ulichopata sio chote.

Vipande weka kwenye chupa ya glasi andika tarehe na sehemu, mwezi ujao rudi palepale na kikopo kilekile ulinganishe. Maji ya chumvi usimwagie maua ya mama, yatakufa.