Somo: Jina la mwenye modeli huandikwa siku ya kupakua

Assalaam alaykum jamani. Leo sifundishi mwanga wala kamera. Nafundisha jambo ambalo wengi wetu hulifanya mwishoni kwa haraka, au hatulifanyi kabisa: kumtaja mtu ambaye modeli yake ya 3D, yaani umbo la kitu lililotengenezwa kwenye kompyuta, tumeitia kwenye picha yetu.

Naanza na mlango. Uko katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe. Nilikwenda asubuhi nne, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na tepu na simu yangu, nikapima miimo, kizingiti na mfaa, ule ubao wa katikati uliojaa nakshi. Misumari ya shaba niliihesabu mmoja mmoja. Halafu wiki tano mbele ya Blender, programu ya kutengenezea modeli. Nilipomaliza nikaupandisha Sketchfab, tovuti ya kugawana modeli, kwa leseni ya CC BY 4.0 (CC ni Creative Commons, leseni za kugawa kazi kwa masharti), yaani chukua, badilisha, hata uza, ila nitaje.

Mwaka uliofuata nikauona kwenye bango la biashara moja hapa hapa Unguja. Ni wangu, hata ule msumari nilioupinda kwa kuwa wa kweli nao umepinda. Jina hakuna. Niliumia sana. Pesa sikudai, maana leseni yenyewe haiombi pesa. Nilichoomba ni mstari mmoja tu. Nikamtafuta kijana aliyetengeneza ile picha, akanijibu kwa adabu: "Maalim, nisamehe, sikumbuki nimeutoa wapi. Faili lilikuwa linaitwa mlango2."

Nilimwamini. Wengi hawamnyimi mtu jina lake, wanalipoteza, na wanalipoteza siku ile ile wanayopakua. Kwa hiyo somo linaanzia hapo.

Hatua ya 1: Soma leseni kabla hujabonyeza kupakua

CC0 haikulazimishi kumtaja mtu. Vitu vyote vya Poly Haven, tovuti ya modeli za bure, viko hivyo. Mimi huwataja hata hao. CC BY inataka jina. Ukiona herufi SA zimeongezwa, kazi uliyoitengeneza kutokana na ile modeli lazima nayo uitoe kwa leseni hiyo hiyo. NC ni marufuku kwenye biashara, na tangazo la hoteli ni biashara hata kama umelipwa chakula cha mchana tu. ND haikuruhusu kutoa kazi uliyoibadilisha. Mimi modeli ya ND siigusi, kwa sababu sijui picha gani nitaitengeneza bila kubadilisha kitu.

Hatua ya 2: Folda moja, modeli moja, daftari moja

Hapa ndipo pa kutulia. Kila modeli unayoipakua iwe na folda yake, na jina la folda liwe na jina la mtunzi: ngalawa, kistari, jina lake kama alivyojiandika mwenyewe. Usiliite "boti". Ukipakua Sketchfab faili la glTF (aina mojawapo ya faili la modeli), ndani ya zipu mna kifaili kinaitwa license.txt, na ndani yake maneno ya kumtaja mtunzi yameshaandikwa tayari. Watu wanakifuta wakidhani ni takataka. Usikifute, na ukihamisha modeli kwenda diski nyingine, kihame nayo.

Kisha daftari. Langu ni la karatasi, lako likiwa jedwali kwenye kompyuta ni sawa. Andika jina la kazi, jina la mtunzi, kiungo cha ukurasa, leseni pamoja na namba ya toleo lake, na tarehe uliyopakua. Piga na picha ya skrini ya ule ukurasa. Mtunzi anaweza kuiondoa modeli kesho, au akabadili leseni. Ulichokichukua kwa CC BY hakinyang'anywi maadamu unafuata masharti, lakini utaonyesha nini kama ukurasa haupo tena?

Hatua ya 3: Jina liingie ndani ya Blender

Ukiiweka modeli kwenye maktaba yako ya vifaa ndani ya Blender, utakuta nafasi za kuandika mtunzi, leseni na hakimiliki. Zijaze. Ni nusu dakika.

Hatua ya 4: Andika mstari wenyewe

Mfano, tuseme nimechukua ngalawa kwa ajili ya picha ya jioni ya Nungwi. Naandika hivi:

"Ngalawa ya Mvuvi", imetengenezwa na (jina la mtunzi), (kiungo cha ukurasa), CC BY 4.0. Nimebadili rangi ya tanga na kuondoa nanga.

Ile sentensi ya mwisho watu huiruka, na CC BY inaitaka: ukibadilisha, sema. Mimi naiona kuwa ni heshima pia. Ukikuta modeli ya ngalawa yenye ndubi, yale magogo ya pembeni, pande zote mbili na tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti wa kubeba tanga, ipasavyo, ujue aliyeitengeneza ameitazama ngalawa kweli. Ukiichezea ikaharibika, asije akabebeshwa yeye lawama.

Hatua ya 5: Mahali panapoonekana

Kwenye maelezo ya picha, si kwenye jibu la tatu chini yake. Kwenye bango, pembeni kwa herufi ndogo zinazosomeka. Kama hapatoshi, weka anwani ya ukurasa ulioandika majina yote, leseni inaruhusu. Washairi wetu wana kaditamati, wanafunga utenzi kwa beti za mwisho na humo mtunzi anajitaja, wakati mwingine na mji wake. Basi ukituma kazi yako popote, kaditamati yake isikatwe.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Chake Chake: Maalim, mimi niko Pemba na mwenye modeli yuko Ufaransa. Sheria inanifika?

Inakufika, ndugu yangu. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA. Tanzania nayo imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na nchi wanachama wanalindiana kazi za wasanii wao. Na yeye pia analindwa kwako kama wewe unavyolindwa kwake.

Swali, kutoka Jambiani: Naweza kuandika "nimeshirikiana na" fulani?

Hapana, mwanangu. Hamjashirikiana, umetumia kazi yake. Leseni hairuhusu kuonyesha kana kwamba amekubali au ameipa baraka kazi yako. Sema "modeli imetengenezwa na". Na akikuandikia kwamba hataki jina lake likae hapo, liondoe kadiri unavyoweza.

Swali, kutoka Wete: Nimepiga picha sanduku la nakshi na kulifanya modeli mwenyewe. Namtaja nani?

Kama fundi aliyelichonga yu hai, mwendee kwanza. Nakshi ile ni kazi yake, umuombe ruhusa na umtaje. Kama ni la zamani na fundi hajulikani, andika limepatikana wapi na nani amekuruhusu kulipiga picha. Mimi kwenye mlango wangu niliandika "fundi hajulikani, Mji Mkongwe". Wangapi wameuchonga mji huu na hatujui hata jina moja!

Swali, kutoka Bububu: Mimi nimeshatoa picha kumi na moja bila kumtaja mtu. Nifanye nini sasa?

Usizifute, dada yangu. Fungua kila faili, angalia majina ya vitu vilivyomo, kisha yatafute kwenye tovuti ulizokuwa ukipakua. Historia ya akaunti yako itakusaidia. Toleo la 4.0 la leseni za CC lina huruma hapa: haki yako ya kutumia modeli hukoma unapovunja masharti, lakini hurudi yenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa. Wewe umeligundua leo, basi hesabu siku zako kuanzia leo. Ile ambayo mwenyewe hutampata kabisa, ibadilishe kwa modeli nyingine, kisha uitoe picha upya. Anza na picha ambazo ziko sokoni.