Somo: Kununua kiwanja cha kuweka na kuuza baadaye, Unguja na Pemba

Somo hili ni la mtu anayenunua kiwanja si kwa kujenga, bali akiweke miaka kadhaa kisha akiuze bei ikishapanda. Anayejenga na kuhamia ana kinga ambayo wewe huna: watu wanamuona anaishi pale, na jirani haoni njia ya kumsogezea mpaka. Wewe una karatasi tu. Kwa hivyo katika kila hatua jiulize: atakayekuja kununua kwangu atataka kuoneshwa nini?

Hatua ya 1. Jua unauziwa kitu gani

Kwa sheria ya ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Unachopewa ni haki ya kuitumia, pamoja na kilicho juu yake: nyumba, msingi, minazi. Ndiyo maana baadhi ya karatasi za mtaani huandikwa kama mauziano ya minazi "pamoja na eneo lake". Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwengine, basi ukiona minazi mitatu ndani ya kiwanja, uliza ni ya nani na nani anaangua. Asiye Mzanzibari asijaribu kupita mlango huu kwa jina la rafiki. Njia yake ni mkodisho wa muda kupitia taasisi za serikali, na ukimuandikisha rafiki, mwenye kiwanja kisheria ni yeye.

Hatua ya 2. Fuata asili ya kipande

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa hiyo usiharakishe.

Eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa mashamba kwa vipande vya eka tatu, kwa ajili ya kilimo na kwa masharti. Leo mashamba mengi ya namna hiyo yanakatwa viwanja na kuuzwa kwa karatasi ya mkono. Mwenye nia ya kuishi anaweza kuvumilia hali hiyo maisha yake yote. Wewe mnunuzi wako akienda kuuliza na kuambiwa eneo bado ni la kilimo, harudi.

Kuna hesabu ya kufanya papo hapo. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Viwanja vya mita 20 kwa 20 ni mita 400 kimoja, yaani kumi kwa eka, lakini hiyo ni hesabu isiyo na njia. Ukikata njia ya gari ya mita 6, unabaki na saba au vinane. Muuzaji akikuonesha viwanja kumi katika eka moja, ujue kuna watu watakaopita uani kwa watu, na kiwanja cha nyuma ndicho dalali anachokusukumia.

Urithi. Chukua mfano: marehemu kaacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wazazi wake hawapo. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawiwa mafungu matano, kila mwanamume mawili na mwanamke moja. Ukiweka yote katika mafungu 40, mke ana 5, kila mtoto wa kiume 14, wa kike 7. Sasa kaka mkubwa anakuja na karatasi ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, anauza shamba lote. Yeye ana 14, na 26 zilizobaki si zake. Dada aliyeolewa Micheweni na ndugu aliye Maskati hawajui lolote, watajua bei ikipanda. Dai mgawo wa mirathi uliopita Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na saini ya kila mrithi, si ya "msimamizi wa familia" kwa mdomo. Akiwemo mtoto mdogo, fungu lake halisainiwi na kaka.

Wakfu hauuzwi. Ukisikia shamba "lilikuwa la msikiti zamani", kauliza Kamisheni ya Wakfu kabla ya kutoa hata posho ya dalali.

Hatua ya 3. Nenda mwenyewe, nenda masika

Kiwanja kinachong'ara Januari kinaweza kuwa dimbwi Aprili. Mabonde ya mpunga hayajengwi hata kama kuna mtu keshamwaga kifusi. Pwani, acha mita 30 kutoka pale maji ya bamvua, yaani maji makubwa, yanapofika, si pale ulipoyakuta siku ya kutembezwa. Upande wa Makangale angalia mpaka wa msitu wa Ngezi, na upande wa Kiwengwa na Pongwe angalia hifadhi ya msitu. Kwenye uwanda wa mawe gonga chini usikie: kuna mapango. Mawe hayo yatampandishia mjenzi gharama ya shimo la choo, naye atakupunguzia bei. Visima vya pwani ya mashariki vingi vina chumvi, kwa hiyo uliza bomba la ZAWA, mamlaka ya maji, limefika wapi na nguzo ya umeme ya mwisho iko umbali gani. "Umeme unakuja" si nguzo.

Chukua mpima mwenye leseni, apige vipimo, kisha vikaangaliwe Kamisheni ya Ardhi kama havikalii kipande cha mtu mwengine au hifadhi ya barabara. Saini ya sheha inathibitisha kwamba mauziano yamefanyika mbele yake. Haimfanyi muuzaji kuwa mwenye mali.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya kutoka, si ya kuingia

Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Kiwanja milioni 20. Dalali milioni 1. Upimaji na mawe ya mipaka milioni 1. Kufyeka na kuanzisha msingi wa kulinda mipaka milioni 2.5. Umeshatoa milioni 24.5. Baada ya miaka mitano unauza milioni 30, dalali anachukua 1.5, unabaki na 28.5. Faida ni milioni 4, sawa na kama asilimia 3 kwa mwaka, na mfumuko wa bei hatujautoa. Mtaani utaambiwa umepata milioni 10.

Usitegemee bei inayotajwa. Uliza viwanja vitatu *vilivyouzwa* eneo hilo mwaka huu, nani kanunua na kwa nini. Kama wanunuzi wote ni watu wa kuweka kama wewe na hakuna hata mmoja aliyejenga, mnauziana nyinyi kwa nyinyi.

Hatua ya 5. Malipo na uhaulishaji

Lipa kwa benki, kwa awamu: kidogo baada ya vipimo, sehemu kubwa baada ya saini zote, na baki baada ya uhaulishaji, yaani kuhamishiwa haki ya kiwanja kwako, kupita kwenye Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi iliyowekwa na sheria ya 1994. Muuzaji anayetaka zote taslimu leo ana sababu, na mara nyingi sababu ni mnunuzi wa pili.

Hatua ya 6. Ukishanunua

Weka mawe ya mipaka na upige picha na majirani wa pande zote wakiwepo. Ukimpa mtu alime, mpe kwa maandishi, alime muhogo au viazi. Asipande mnazi wala mwembe: mazao ya kudumu ndiyo yanayoleta madai miaka kumi baadaye. Pita mwenyewe angalau kila baada ya masika.

MASWALI YA WANACHAMA

Wete: *Kuna eneo wanasema barabara kubwa itapita. Kununua kandokando si faida?*

Ikipita mbele yako, pengine. Ikipita juu yako, utalipwa fidia kwa tathmini, si kwa bei uliyonunulia, na kiwanja kitupu hakina cha kuhesabiwa zaidi ya eneo lenyewe. Asiye na karatasi safi atahangaika hata kuingia kwenye orodha. Angalia mchoro uliopitishwa, usinunue kwa maneno ya barazani.

Fuoni: *Kampuni inauza kwa mkopo wa miezi 24, hati unapewa ukimaliza. Ni salama?*

Omba kuona hati ya eneo zima kwa jina la kampuni na ramani iliyoidhinishwa, kisha kazihakikishe mwenyewe Kamisheni. Uliza pia: nikishindwa mwezi wa 15, nilichokwishalipa kinarudi kiasi gani? Kama mkataba hausemi, jibu ni sifuri.

Mwanachama aliye Dubai: *Ndugu yangu ananinunulia. Niandike jina lake kwanza?*

Hapana. Muandikie hati ya uwakala inayotaja kiwanja hicho tu na kazi hiyo tu, mauziano yawe kwa jina lako. Akifariki leo na jina ni lake, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake na utadai kwa watoto wake. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyengine, muone wakili kabla ya kutuma senti.

Mkoani: *Nimenunua eneo la shamba la urithi, sasa mrithi mmoja anasema anataka kunirudishia pesa achukue yeye. Anaweza?*

Kama fungu lake halijatengwa na la aliyekuuzia, inaweza kuwa haki ya shufaa: mshirika ana haki ya kukichukua kwa bei ileile. Ndiyo faida ya kuwaweka warithi wote kwenye karatasi tangu mwanzo, na wasiouza wakaandika kwamba hawataki kununua. Kesi ikishafika hapo, ipeleke Mahakama ya Ardhi, usijenge kwa haraka kumshinda.

Bububu: *Kiwanja cha kuuza kina zaka?*

Kwa madhehebu ya Shafi, ulichonunua kwa nia ya biashara kinatolewa zaka ya biashara kila mwaka, asilimia 2.5 ya thamani yake ya sokoni. Kwenye kiwanja cha milioni 20 hiyo ni laki tano, na bado hujauza. Wamaliki wanasema anayeweka akingojea bei hutoa mara moja akishauza. Kwa mfano wa hatua ya 4, laki tano kwa miaka mitano, hata bila kuhesabu bei inavyopanda, ni milioni mbili na nusu kati ya ile faida ya milioni nne. Muulize sheikh wako kabla hujanunua, na umwambie nia yako ilivyo.