Testi ya tabia kabla ya intavyuu: vile utaijibu bila kujichoma

Ukituma maombi ya kazi hapa Kisumu siku hizi, iwe ni benki, sacco, shirika ama hata supamaketi, unaweza kutumiwa linki kwa imeili kabla hujaitwa intavyuu, unafungua unapata maswali mengi ya "napenda kuwa katikati ya watu" ama "mimi hupanga kazi yangu mapema", eti useme unakubali ama unakataa. Hapo ndio wengi wanaanza kuwaza, huyu mwajiri anataka kusikia nini? Tafadhali achana na hilo swali, ndilo linachoma watu.

Jua hii si ile testi ya hesabu yenye saa inakimbia na jibu ni moja. Nyingi za tabia zinapima mambo matano: kupenda mambo mapya, bidii na mpangilio, uchangamfu, kuelewana na wengine, na vile unabeba presha. Kati ya hayo, bidii na mpangilio ndio utafiti umeonyesha inaendana na kufanya vizuri karibu kila kazi. Kuna ingine ya herufi nne, MBTI, ya Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers wa Marekani, inakuweka kwa fungu moja kati ya 16, na hata wenyewe wanaoisimamia wanasema isitumike kuchagua wa kuajiri. Kwa hivyo ukipewa herufi zako usilie.

Usiifanyie ndani ya matatu ukienda Kondele na bando imebaki kidogo. Tafuta saiba imetulia, ama amka mapema kabla nyumba ijae kelele, na neno la Kizungu likikushinda angalia maana kwanza, kwa sababu kukisia neno moja kunageuza jibu lote.

Ukijibu, jifikirie ukiwa kazini. Kuna mtu hanyanyui mdomo kwa mkutano wa ukoo lakini mweke kaunta, kila mteja anasalimiwa kwa jina, huyo ajibu kama mtu wa kaunta. Kama hujawahi kuajiriwa, chukua atachi, chama, kwaya, mahali popote watu walikutegemea.

Sasa mtego. Swali moja linarudi mbele likiwa limevaa maneno mengine, na aliyedanganya mwanzo hakumbuki alisema nini. Halafu kuna yale ya "sijawahi kusema uongo hata siku moja". Hayo yamewekwa kushika wanaojipaka rangi, maana ni nani huyo? Jibu ukweli. Usibonyeze "nakubali kabisa" kila mahali, na usijifiche kwa jibu la katikati pia. Lakini ukiulizwa kama mfanyikazi kubeba kitu kidogo cha duka bila kulipa ni sawa, hapo usiyumbe, sema hapana.

Ukiitwa, beba mfano mmoja wa kweli kwa kila tabia uliyojipa, juu panel inaweza kukuuliza, "ulisema unatulia kwa presha, ilikuwa lini?"

Na mtu akikuitisha pesa ya testi kwa simu ndio upate kazi, huyo ni konmani, mbloki.

Ukikosa kazi, andika imeili kwa heshima uombe matokeo yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data yako waliyoweka, na kama ni kompyuta peke yake ilikukataa, unaweza kuomba uamuzi uangaliwe tena.