Kujiandaa na triathloni fupi ukiwa na siku tatu tu kwa wiki

Mimi ni mwalimu, nakaa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na skuli hainiachii zaidi ya siku tatu kwa wiki. Zinatosha. Triathloni fupi ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baskeli na kilomita 5 za kukimbia.

Kwetu wiki inapangwa na maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari hujaa karibu saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Yakishakupwa usijisumbue, utatembea tu mpaka mwambani. Ogelea vipande vya mita 100, pumzika kidogo, rudia mara sita au nane. Kila ukipiga mikono kumi inua macho uutafute mnazi uliouchagua ufukweni, maana baharini hakuna mstari wa kukuongoza. Na usiingie peke yako, hili silegezi.

Jumamosi ndiyo siku ninayoithamini kuliko zote: baskeli, kisha mbio papo hapo. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, elekea Jambiani, kijiji cha kusini ya Paje, upepo ukiwa usoni, ili urudi unasukumwa. Ukishuka tu, badili viatu, kimbia dakika 15. Miguu itakuwa mizito kama imejaa mchanga wa maji. Fupisha hatua, usilazimishe kasi, itafunguka baada ya dakika chache. Asiyeizoea hali hii huteseka siku ya mashindano hata akiwa na pumzi.

Siku ya tatu kimbia tu, alfajiri, dakika 30, kasi na polepole kwa kupokezana.