Jinsi ya kuomba vibali vya kontena la ufuta Dar es Salaam bila kuachwa na meli

Anayeniuliza aanzie wapi kusafirisha ufuta nje humjibu aanzie mwisho: meli inafunga kupokea mizigo siku gani, saa ngapi? Ukishaijua saa hiyo, hesabu siku kurudi nyuma. Wengi wanaoachwa na meli mzigo wanao ghalani. Kilichopungua ni karatasi moja.

Kwanza uwe na TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, leseni ya biashara na usajili wa COPRA, mamlaka ya nafaka na mazao mchanganyiko, maana ufuta umo kwenye mazao inayoyasimamia. Tafuta na wakala wa forodha mwenye leseni, yeye ndiye atakayepeleka tamko la forodha. Mkabidhi ankara na orodha ya mzigo zinazolingana hadi kilo ya mwisho.

Kabla hujanunua hata gunia moja, muulize mnunuzi nchi yake inadai nini. Wajapani huangalia sana mabaki ya viuatilifu, Ulaya huogopa salmonela. Kama nchi hiyo inatoa kibali cha kuingiza mazao, akutumie nakala. Hiyo ndiyo utakayoambatisha unapoomba cheti cha afya ya mimea TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Maombi hufanywa mtandaoni: jina la msafirishaji na la mpokeaji, jina la kisayansi la zao (Sesamum indicum), uzito, idadi ya magunia, bandari ya kushushia. Ukishalipia, mkaguzi huja kuangalia mzigo na kuchukua sampuli. Panga magunia aweze kuyazunguka. Yakiwa yamebanwa ukutani hadi darini, utalipa vibarua mara mbili. Akikuta wadudu hai, mzigo utafukizwa na kukaguliwa upya, na hizo ni siku zako zinaondoka.

Kubuki nafasi melini ni kazi ya wakala, ila safari za Ulaya zitazame mwenyewe. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, njia ndefu zaidi. Usimwahidi mnunuzi tarehe ya zamani.

Kontena tupu likifika, ingia ndani, mwambie kuli afunge milango yote miwili. Subiri macho yazoee giza. Ukiona nukta ya mwanga, hata ndogo kama tundu la msumari, lirudishwe. Ndipo maji ya bahari yatakapoingilia. Vuta pumzi pia: likinuka samaki au kemikali, ufuta utaibeba hiyo harufu. La salama litandike karatasi ngumu kuta zote na dari, kisha ning'iniza mifuko ya kunyonya unyevu, kwa sababu meli ikitoka kwenye joto letu na kuingia kwenye baridi, kontena hutoka jasho na matone huangukia magunia ya juu.

Uzito nao hauna mjadala. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipandi melini. Waweza kulipima lote likishajaa, au kujumlisha. Tuseme una magunia 380 ya kilo 50, hizo ni kilo 19,000. Magunia matupu kilo 38. Kontena lenyewe kilo 2,200 kama ilivyoandikwa mlangoni. Jumla 21,238, kisha ongeza karatasi na mifuko ya unyevu. Watu husahau uzito wa kontena, kisha wanashangaa mizani ya bandarini inawakatalia.

Ukifunga lakiri (sili ya mlangoni), piga picha yake pamoja na namba ya kontena: herufi nne, tarakimu saba. Mwaka mmoja niligeuza tarakimu mbili nilipokuwa najaza maombi ya cheti. Kosa langu mwenyewe. Mzigo ulikaa bandari ya mnunuzi ukisubiri cheti kipya, na gharama za kuhifadhi akazikata kwenye malipo yangu.

Cheti cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha nchi zilikotoka, kiombe TCCIA (chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima) mapema, ankara ikiwa tayari. Rasimu ya hati ya shehena (bill of lading) ikija, isome kwa sauti huku mwenzako ameshika cheti cha afya ya mimea: jina, uzito, kontena, lakiri. Mkipishana popote, isichapwe. Kuirekebisha meli ikishaondoka hulipiwa, na mnunuzi hasubiri.