Acheni kona moja bila kufagiwa: jinsi ya kuwarudisha ndege na wadudu kwenye uwanja wa shule

Walimu wenzangu na wazazi wa Dodoma, naomba niongelee kitu kinachonigusa sana. Pita shule nyingi za msingi huku kwetu saa moja asubuhi, unakuta watoto wameinama na mafagio ya vijiti, vumbi jekundu limetanda, uwanja unafagiwa mpaka inabaki mistari ya fagio tu, majani makavu yanarundikwa chini ya mti yanachomwa, halafu tunasema shule ni safi. Sasa hapo tumeondoa chakula cha ndege, mayai ya vipepeo, mbegu za nyasi, kila kitu, na udongo umebaki uchi unasubiri mvua ya mwezi wa 12 iubebe. Kwa hiyo ukitaka watoto watengeneze makazi ya viumbe shuleni, hatua ya kwanza sio kupanda, ni kuacha kufagia. Sio shule nzima jamani, kona moja tu.

Kona yenyewe iwe kama hatua 20 kwa 20, mbali na madarasa, vyoo na uwanja wa mpira, na kama shule ina mteremko chagua upande wa chini ambako maji ya mvua yanaishia. Wapeni watoto mawe wayapake chokaa wapange mpaka. Ongeeni kabisa na mwalimu mkuu na kamati ya shule, maana nyasi zikirefuka mtu atapita aseme shule imewashinda. Sisi hilo hatukulifanya. Mwaka wetu wa kwanza, siku moja kabla ya wageni kuja, amri ikatoka kona ifyekwe, ikaisha ndani ya nusu saa. Kulikuwa na kiota cha tetere kwenye kichaka, vijiti vichache tu vimepangwa hovyo hovyo, na mayai mawili meupe. Watoto wa la tano waliyakuta chini yamepasuka wakasimama pale kimya, na mimi sikuwa na la kuwaambia. Tangu hapo tukaweka kibao kikubwa: ENEO LA VIUMBE, USIFAGIE, USIFYEKE, USICHOME. Wekeni kibao siku ya kwanza, msisubiri.

Kuhusu nyoka, najua mzazi wa kwanza atauliza hilo na ana haki ya kuuliza. Ndio maana kona inakaa mbali na madarasa. Pitisheni njia moja katikati, hiyo ndiyo mfagie kila siku iwe wazi, mtoto asitoke nje ya njia, asiingie bila viatu, asiingize mkono kwenye shimo wala asigeuze jiwe au gogo kwa mkono kwa sababu nge nao wanakaa humo. Na anayeingia awe na mwalimu. Sheria chache, lakini zisimamiwe kweli.

Adui mkubwa kuliko wote ni mbuzi. Mbuzi wa jirani wakiingia siku moja wamemaliza kazi ya miezi mitatu, kwa hiyo zungusheni matawi ya mikungugu, ile miiba mbuzi hapiti. Wengine wanapanda minyaa, inashika vizuri hata bila kumwagiliwa, ila utomvu wake ukiingia machoni ni hatari sana, kwa hiyo kukata na kupanda wafanye watu wazima.

Baada ya hapo angalieni chini kabla hamjaenda kutafuta miche. Udongo wetu una visiki vilivyo hai ambavyo kila mwaka vinachipua na kila mwaka tunavifyeka. Hii ndiyo njia ya kisiki hai ambayo watu wengi wa Dodoma wanaijua mashambani, na shuleni inafaa zaidi kwa sababu haili maji ya kumwagilia, mizizi iko chini tayari. Kiangazi kabla ya mvua, mtafute kichaka cha machipukizi, muache matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye afya, mengine mkate, halafu hayo yaliyobaki mpogoe majani ya chini mpaka karibu nusu ya urefu, mfunge kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue huu mti una mwenyewe. Kila kikundi cha watoto kipewe kisiki chake. Na msidhani ardhi ikiachwa hairudi. Wazee wa Kondoa wanaukumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyokuwa yameliwa na makorongo, na uoto ulirudi.

Kwa maji ya mvua chimbeni nusu mwezi, yaani shimo la nusu duara upana kama mita 2, kina shubiri moja, mdomo uangalie juu ya mteremko na udongo mliochimba urundikwe upande wa chini. Mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote inashuka kati ya mwezi wa 12 na wa 4, tena inakuja kwa kishindo inakimbia, kwa hiyo lazima uikamate. Ndani ya nusu mwezi mwageni mbegu za nyasi za hapo hapo kijijini.

Miche mkitaka kuongeza chukueni ya kwetu: mkwaju, mgunga, mkole, mbuyu kama mna subira. Mwarobaini upo kila mahali na kivuli chake kizuri, ila wadudu wa hapa wamezoea miti ya hapa. Mkuyu unaita ndege sana lakini mizizi yake haifai karibu na ukuta. Mstari mmoja wa alizeti ukiachwa ukaukie shambani bila kuvunwa mtaona wenyewe ndege wanavyokuja. Kumwagilia tumieni maji yanayodondoka kwenye vibuyu chirizi watoto wakinawa, tegeni beseni chini.

Halafu maji ya kunywa viumbe, hapa ndipo kona inapoanza kuishi. Kiangazi mwezi wa 9 Dodoma hakuna kitu, ndege wanahangaika. Chukueni chungu kilichovunjika au sufuria kuukuu, kifukieni nusu ardhini, jazeni maji na mawe yanayotokeza juu ili nyuki watue wasizame. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili, msiruke, kwa sababu mbu anahitaji kama wiki hivi kutoka yai mpaka kuruka na hatutaki kumletea mtoto malaria. Wapangieni zamu, hata wikiendi.

Na wadudu wajengewe: matofali yenye matundu yapangwe, katikati mchomeke mabua ya mtama na uwele yaliyokatwa urefu wa kiganja, juu bati kuzuia mvua. Kaeni hapo kimya dakika kumi mtaona nyigu mdogo anakuja na donge la udongo mdomoni, analibandika kwenye tundu, analisawazisha pole pole, anaondoka, anarudi tena.

Kitu cha mwisho ni kile watoto wetu wanachokipenda kuliko vyote. Kuzunguka chungu cha maji fagieni duara la vumbi laini kila jioni, hapo fagio lina kazi. Asubuhi kabla ya mstarini wanakwenda kusoma nyayo na kuzichora kwenye daftari: njiwa, kware, mjusi aliyeburuta mkia, nguchiro. Mwaka jana walikuta vinyayo vidogo hawavijui, vidole vitano kwa mbele, nyuma vinne, wakabishana wiki nzima, wengine wanasema panya, mpaka wakaenda kumuuliza babu mlinzi, akawaambia wanangu, mimi huwa namuona na tochi usiku anakunywa, ni kalunguyeye.