Namna ya Kuulinda Mguu Wenye Uvimbe wa Mfupa Usikatwe Bila Sababu

Kijana anayekua akilalamikia maumivu ya goti yanayomwamsha usiku, na uvimbe ukajitokeza juu au chini kidogo ya goti, usimkande, usimchue wala usimpeleke kuchanjwa chale. Apigwe eksrei wiki hiyohiyo, kwani hapo ndipo saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma huanzia mara nyingi. Uvimbe wa nyama unaozidi sentimita 5, au unaoendelea kukua, nao uchunguzwe.

Picha ikitia shaka, hatua inayofuata ni nyeti kuliko zote, nami naomba isomwe polepole. Kinyama cha kupimwa kisichukuliwe na mpasuaji yeyote aliyepo zamu, bali na bingwa atakayefanya upasuaji mkubwa au kwa maelekezo yake, baada ya kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, cha mfupa mzima. Kwa maana njia iliyopitiwa na sindano au kisu huhesabiwa kuwa imeguswa na saratani, na mara nyingi hukatwa pamoja na uvimbe. Kovu dogo lililofuata urefu wa mguu huondolewa kwa urahisi. Lililokingama hulazimisha kuondoa ngozi na nyama nyingi, na mguu ambao ungebaki huenda ukakatwa. Muulize daktari waziwazi: "Ni wewe utakayemfanyia upasuaji baadaye?" Akisema siye, omba rufaa kabla ya sindano. Jijini Dar es Salaam, mifupa ni kazi ya MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, na kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, hutolewa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road.

Baada ya CT ya kifua, yaani eksrei ya kompyuta, kwa kuwa osteosakoma huenea mapafuni, kwa kawaida kemotherapi hutangulia kwa takriban wiki 10, kisha upasuaji, kisha kemotherapi tena. Mpasuaji huuondoa uvimbe ukiwa umezungukwa na nyama isiyo na saratani, na pengo huzibwa kwa chuma au kwa mfupa mwingine. Watoto wadogo wapo wanaowekewa chuma kinachorefushwa. Mishipa mikuu ya fahamu ikiwa imemezwa na uvimbe, kuukata mguu huweza kuwa ndiko kuokoa uhai, na mzazi asijilaumu kwa kukubali.

Baada ya upasuaji, mazoezi ya goti huanza mapema, hata yakiuma, kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu. Homa, wekundu au usaha kwenye kovu vikitokea, hata miaka ikiwa imepita, mrudishe kwa mpasuaji siku hiyohiyo, kabla vijidudu havijaota mizizi kwenye chuma.